Panya Hajileti, Huitwa

Hapana juma lipitalo bila mgonjwa mmoja au wawili kuniuliza, tukisha kumaliza habari ya homa au kifua: "Daktari, ni sumu gani ya panya iliyo nzuri?" Wengine hunitajia zile walizokwisha kuzijaribu, wakilalamika kwamba panya wa siku hizi ni sugu, au kwamba wauzaji huchanganya sumu na unga. Mzee mmoja wa upande wa Msambweni aliniambia, "Mwanangu, hao wa kwangu hula sumu, kisha huenda mtungini kushushia kwa maji."

Swali hilo naliheshimu, maana anayeliuliza ameteseka. Amelala akisikia mikwaruzo darini, ameamka akakuta gunia limetobolewa na sare ya shule ya mtoto imetafunwa kwapani. Lakini naona swali limeanzia mwisho. Kabla ya kuuliza ni kitu gani kitakachomwua panya, yafaa tuulize ni kitu gani kilichomwita. Panya hajileti. Huitwa, na aghalabu mwenye kumwita ni mwenye nyumba.

Maoni yangu, ndugu msomaji, ni haya. Hapa Kwale, kuanzia Diani na Ukunda hadi Msambweni, Shimoni na Vanga, na huko juu Kinango, tunatumia pesa nyingi kuwaua panya na karibu hatutumii chochote kuacha kuwalisha. Matokeo yake ni kwamba panya hawapungui, na sumu zinazidi majumbani mwetu. Kama daktari, hofu yangu ni juu ya vyote viwili.

Anachokifuata

Panya hutafuta mambo matatu: chakula, maji, na mahali pa kulala na kuzaa. Akiyapata yote matatu pamoja, huhamia na jamaa zake.

Tuanze na chakula. Pua ya panya ni kali kuliko tudhanivyo. Huko Morogoro, Tanzania, panya buku hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kutambua makohozi yenye viini vya kifua kikuu. Mnyama wa ukoo huo hatashindwa kunusa kapu la ng'onda lililotundikwa mekoni. Nasi watu wa pwani tuna vitu ambavyo panya angeviagiza mwenyewe lau angekuwa na kinywa cha kusema: chicha iliyosalia kwenye mbuzi ya kukunia nazi, ukoko wa wali uliorowekwa hadi asubuhi, dagaa na papa mkavu, korosho, makopa ya muhogo, pumba za kuku, na matone ya mafuta kando ya jiko. Chakula cha kuku kinachoachwa uani usiku kucha ni karamu ya panya, si ya kuku, kwa kuwa kuku wamelala.

Hesabu yake ni nyepesi. Panya mkubwa mmoja hula kiasi cha gramu 20 kwa siku. Ishirini wakikaa katika ghala lako watakula gramu 400 kila siku, yaani kilo 12 kwa mwezi. Gunia la kilo 90 halitamaliza miezi 8. Na hizo ni zile walizokula tu. Wanazozikojolea na kuzinyea ni nyingi kuliko wanazozila, nazo huzijui, kwa sababu huziosha, huzisaga na kuzisonga sima.

Maji ni jambo la pili. Panya wadogo wa nyumbani waweza kuishi kwa unyevu uliomo katika chakula, lakini panya wakubwa lazima wanywe kila siku. Mtungi usio na kifuniko, bomba linalovuja, beseni la vyombo lililoachwa na maji machafu, bakuli la mbwa, hivyo ndivyo visima vyao.

La tatu ni malazi. Paa la makuti lina sifa zake, nalo linafaa hali ya hewa yetu kuliko bati. Lakini ni zito, kavu na lina maficho elfu. Panya mweusi, ambaye ndiye mkwezi hodari kati ya jamaa zake, huona paa la namna hiyo kama mwendelezo wa mnazi. Ikiwa matawi ya mwembe au makuti ya mnazi yanagusa paa, umemwekea daraja. Chini nako tunamjengea: rundo la makumbi lililokaa mwaka mzima, kuni zilizoegemezwa ukutani, magunia matupu, viatu vichakavu chini ya kitanda, kichaka nyuma ya choo. Panya mdogo hupita katika tundu lisilozidi unene wa penseli. Mkubwa huhitaji tundu la ukubwa wa kidole gumba, na akilikosa, hulitafuna, maana meno yake ya mbele hukua maisha yake yote na lazima ayapunguze kwa kuguguna.

Gunia chini ya kitanda

Hapa nataka kusimama kidogo, maana ndipo penye kiini cha jambo lenyewe.

Wazee wetu wa Kimijikenda waliweka mahindi kwenye uchaga, juu ya meko. Moshi wa kila siku uliyakausha na kuwasumbua fukusi, na mwanamke aliyepika chini yake aliyaona mahindi yake kila asubuhi. Ulikuwa mpango wa busara kwa zama zake, ingawa moshi wenyewe uliwadhuru macho na mapafu wapishi. Leo watu wengi huishi katika vyumba viwili, au kimoja, hasa mitaa ya kupanga ya Ukunda. Meko imekuwa jiko la makaa au la gesi. Uchaga umekufa, lakini gunia halikufa. Limehamia chumbani, chini ya kitanda au nyuma ya mlango, kwa hofu ya wezi.

Hofu hiyo ni ya kweli, wala simlaumu mtu. Lakini tufahamu tunachokifanya. Tunaweka chakula cha panya na kulala kando yake. Mwizi wa binadamu tumemfungia nje, mwizi wa miguu minne tumelala naye chumba kimoja.

Serikali ililiona jambo hili zamani sana. Sheria yetu ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyoanza kutumika mwaka 1921, yataka majengo ya kuhifadhia vyakula vya biashara yajengwe kwa namna ambayo panya hawezi kuingia, na inakataza mtu kulala katika chumba kinachowekwa vyakula vya kuuza. Walioiandika walikuwa wameona tauni. Sheria hiyo yawahusu wafanyabiashara, haiingii chumbani mwako kukuuliza habari za gunia lako. Lakini sababu iliyowafanya waitunge ni ile ile iliyoko chini ya kitanda chako.

Maradhi yanayoletwa

Msomaji aweza kusema, "Panya tumeishi nao tangu enzi za babu, mbona hatujafa?" Wengine walikufa, ila hawakuambiwa kilichowaua. Nitataja machache tu ambayo daktari yeyote wa pwani hii anapaswa kuyawazia.

La kwanza ni homa ya mgunda. Viini vyake hukaa katika figo za panya na hutoka na mkojo. Mtu huambukizwa anapokanyaga maji au tope lenye mkojo huo akiwa na mchubuko mguuni, au akila na kunywa kilichochafuliwa. Wanaolima mpunga mabondeni, wanaokata miwa, wanaozibua mitaro, na watoto wanaoogelea madimbwini wote wamo hatarini. Mwezi wa Julai 2022, jirani zetu wa Mkoa wa Lindi, Tanzania, walipatwa na homa ambayo mwanzoni haikueleweka. Watu 20 walihesabiwa kuugua na 3 walikufa kabla ya Wizara ya Afya kutangaza kwamba ni homa ya mgunda. Dalili zake ni homa ya ghafla, kichwa kuuma sana, macho mekundu, na maumivu makali ya misuli hasa ya vigimbi vya miguu. Ikizidi, macho hugeuka manjano na figo hushindwa. Hapa kwetu kila homa huitwa malaria, na mgonjwa hununua dawa dukani, hatimaye huja hospitalini kachelewa. Homa ya mgunda ina dawa, tena za kawaida, zikianzwa mapema. Basi ukiwa na homa na kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, mwambie daktari: "Nyumbani kwangu kuna panya," au "Nimeshinda bondeni kwenye mpunga." Maneno hayo machache yaweza kumpa njia.

La pili ni kuumwa. Twasema panya huuma na kupuliza, na wengi huamini kwamba ana ganzi mdomoni ndiyo maana mtu haamki. Haipulizi wala hana ganzi yoyote. Panya huyu hutafuta ngozi nene ya kisigino au yenye harufu ya chakula, na mtu mwenye neva nzima aghalabu huamka kwa maumivu. Asiyeamka ni mtoto mchanga asiyeweza kujitetea, mlevi, au mtu ambaye miguu yake imekufa ganzi. Miguu hufa ganzi kwa ukoma, na siku hizi zaidi kwa ugonjwa wa kisukari. Kwa hiyo nakuomba uchukue neno hili na umpelekee mama au baba nyumbani: mtu mzima akiamka asubuhi akakuta kidole kimetafunwa na hakusikia lolote, asimsifu panya kwa ufundi wa kupuliza. Aende akapimwe sukari siku hiyo hiyo. Jeraha lenyewe lioshwe kwa maji mengi na sabuni, na apate sindano ya pepopunda. Kidonda kidogo kwenye mguu wa mwenye kisukari ndicho kinachoishia kukatwa mguu. Na mtoto mchanga asilazwe na maziwa yamemgandia mdomoni, maana harufu hiyo nayo ni mwito.

La tatu ni kuhara na sumu ya chakula, ambazo huletwa na kinyesi cha panya, mende na nzi kwenye vyombo na vyakula visivyofunikwa. Hili halina haja ya maelezo marefu. Kila mama analijua.

Tauni nayo imekuwa jirani. Wilaya ya Lushoto, katika Mkoa wa Tanga ulio mpakani mwetu, iliandamwa na tauni miaka mingi kuanzia mwaka 1980. Huletwa na viroboto wa panya, nao huhamia kwa binadamu panya wanapokufa kwa wingi. Ndiyo maana nasema panya waliokutwa wamekufa ovyo, bila ya mtu kutega sumu, ni habari ya kupelekwa kwa afisa wa afya, si ya kutupwa jaani.

Wageni wanaoandamana naye

Panya haji peke yake. Nyuma yake kuna nyoka. Swila atemaye mate hupenda kuzunguka majumbani usiku akiwinda panya na vifaranga, na watu huumwa wakiwa wamelala sakafuni juu ya mkeka. Swila mkubwa wa pwani alitambuliwa rasmi na wanasayansi mwaka 2007 kuwa ni aina yake peke yake, na akapewa jina la James Ashe, mwanzilishi wa shamba la nyoka la Watamu. Sisi tulimjua muda mrefu kabla ya hapo. Ukikuta nyoka nyumbani, usimwulize mchawi aliyemtuma. Uliza amefuata nini, na jibu mara nyingi liko kwenye gunia. Akikutemea mate machoni, osha kwa maji mengi papo hapo kisha uende hospitali. Akikuuma, usichanje, usifunge kamba ya kukaza. Tuliza mguu na uwahi.

Kuna funza. Hao bado wanatesa watoto wa vijiji vyetu, na panya ni mmoja wa wanyama wanaowabeba, pamoja na mbwa, paka na mbuzi wanaolala ndani. Mabuu ya funza hukua katika vumbi la sakafu. Sakafu ya udongo inayolaliwa na watu na mifugo pamoja ndiyo shamba lao.

Tena kuna wale wasioonekana kwa mbali: fukusi, na dumuzi, yule mdudu mgeni aliyeingia Tanzania kutoka Amerika ya Kati mwishoni mwa miaka ya 1970 na kufika Taveta mwaka 1983. Hao hutoboa punje, panya huzimega, na unyevu ukiingia, kuvu huota. Kuvu wengine hutoa sumu ambayo haionekani wala haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo na 125 wakafa, ini likiwa limeharibika. Mahindi yaliyovunda si ya kumpa kuku, si ya kupikia pombe. Ni ya kufukia.

Sumu ya panya ni sumu ya nani?

Sasa turudi kwa sumu ambayo watu huniuliza. Panya jike hubeba mimba kwa majuma kama matatu, huzaa watoto sita, saba au zaidi, na hao nao huanza kuzaa wakiwa na umri wa miezi mitatu hivi. Ukiwaua nusu yao na chakula kibaki pale pale, walionusurika hupata nafasi na shibe zaidi, na wale wa jirani huja kujaza pengo. Panya wakubwa tena ni wenye hadhari. Kitu kigeni hukikwepa siku kadhaa, au huonja kidogo na kungoja. Kwa nini ale chambo cha mashaka ilhali kando yake kuna gunia zima la mahindi mazuri? Kwa hiyo hata sumu halisi haiwezi kufanya kazi palipo na chakula tele. Usafi si badala ya sumu tu; bila usafi, sumu yenyewe ni hasara.

Lakini hasara ya pesa ni ndogo. Sokoni na vituo vya matatu huuzwa sumu katika vikaratasi visivyo na jina wala maelezo, chembechembe au unga mweusi, na muuzaji akijisifu kwamba panya hufa pale pale. Sumu inayoua panya pale pale humwua mtoto pale pale pia. Baadhi ya hizo ni dawa kali za mashambani zilizopimwa upya kwa kijiko. Mtoto anayeokota chambo kilichopakwa kwenye kipande cha nazi hana tofauti na panya: wote wawili wanapenda nazi. Na katika nyumba yenye kijana aliyekata tamaa au mtu mwenye huzuni nzito, sumu iliyo juu ya kabati ni hatari ambayo sitaki kuieleza kwa urefu. Asiyekuwa nayo karibu katika saa mbaya, aghalabu saa hiyo humpita.

Zile za madukani zenye lebo, zinazozuia damu kuganda, huchukua siku kadhaa kufanya kazi. Mtoto aliyezila aweza kucheza leo na kutokwa na damu puani keshokutwa. Mtu akila sumu yoyote, usimtapishe kwa nguvu, wala usipoteze saa nzima ukitafuta maziwa. Chukua karatasi au chupa ya sumu, mkimbize hospitali. Karatasi hiyo ndiyo itakayotuonyesha dawa ya kumpa.

Wala tusiwasahau wale wanaotufanyia kazi bure. Paka aliyekula panya mwenye sumu hufa naye. Bundi, ambaye hula panya usiku kucha bila kudai ujira, tunampiga mawe tukisema analeta mkosi. Bundi haleti mauti kwenye paa lako. Amefuata panya, kama nyoka alivyowafuata.

La kufanya, kwa mpango

Nimetakiwa nisiishie kulaumu. Haya hapa, kwa kadiri ya uwezo wa mtu wa kawaida.

Kwanza, kausha. Mahindi yasiingie ghalani na unyevu. Chukua chupa kavu ya kioo, tia kiganja cha mahindi na chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, tikisa kwa dakika chache, kisha yaache yatulie. Chumvi ikigandama kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Yaanike juu ya turubai, si juu ya ardhi tupu.

Pili, inua. Ghala la nje lisimame juu ya nguzo zisizopungua urefu wa mita moja, na kila nguzo ivishwe bati lililokunjwa kama pia au faneli iliyopinduliwa, ili panya apandaye akwame. Bati la kazi hiyo fundi yeyote wa jua kali aweza kulikata. Lisiwe karibu na mti wala ukuta, na chini yake pasiwekwe kuni wala makumbi. Minazi nayo huvishwa mkanda wa bati kwenye shina, kuzuia panya wanaopanda kuharibu vidaka. Mkanda huo unafaa tu ikiwa makuti ya mnazi mmoja hayagusi ya mwingine.

Tatu, fungia. Asiyekuwa na ghala, na ambaye lazima aweke chakula chumbani, atafute pipa la chuma au la plastiki gumu lenye kifuniko cha kukaza. Ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa huwaua fukusi na dumuzi vizuri bila dawa, lakini panya huitoboa, basi iwekwe ndani ya pipa au juu ya mahali asipofika. Bei ya pipa moja si ndogo. Lakini jumlisha ulichotumia kwa sumu mwaka mzima, na nguo, na kilo 12 za kila mwezi, kisha uamue.

Nne, safisha jioni, si asubuhi. Sisi hufagia alfajiri, panya akiwa amekwisha kula na kwenda zake. Mbuzi ya nazi ikunguwe na kuoshwa usiku ule ule. Chicha apewe kuku kabla hajalala. Vyombo visilale na ukoko. Mtungi ufunikwe.

Tano, ziba na utege. Matundu yazibwe kwa saruji iliyochanganywa na vipande vya waya au chupa, matawi yanayogusa paa yakatwe, na mitego iwekwe kandokando ya ukuta ambako panya hupita. Kinyesi cha panya kisifagiliwe kikavu, maana vumbi lake huvutwa puani. Kilowanishwe kwanza kwa maji yenye dawa ya klorini, kisha kifutwe.

Na ukiwa uani, pindua vifuu vya nazi na makopo. Panya hanufaiki navyo sana, lakini mbu waenezao homa ya dengi na chikungunya hutaga mayai humo. Mombasa iliugua dengi mwaka 2013 na chikungunya mwishoni mwa 2017, na mbu hao hao wako kwetu.

Jaa la mtaa

Yote niliyoyasema yaweza kufanywa na mtu mmoja, naye bado akashindwa, ikiwa nyuma ya nyumba yake kuna jaa ambalo halizolewi. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Nasi majirani wengi hatuzibi shimo: kila mmoja humngoja mwenzake.

Kunguru watufundishe. Yule kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Taka hakuzimaliza. Alizifanya mtaji, akazaana, akavuka hadi Mombasa, Diani na Malindi, akawala vifaranga na mayai ya ndege wetu wengine. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru milioni moja. Siwapingi. Lakini nauliza swali lile lile nimwulizalo mgonjwa wangu: ni nani anayewalisha? Nyani na tumbili wanaofungua mapipa ya Diani wanajibu pamoja nao. Ni pipa lisilo na kifuniko nyuma ya hoteli, ni mabaki ya nyumba za wageni yaliyomwagwa kando ya barabara, ni vichwa vya samaki na maganda sokoni Ukunda yanayongoja gari.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ilipogawa kazi haikuweka uzoaji wa taka chini ya barabara wala biashara. Iliuweka chini ya huduma za afya za kaunti, pamoja na zahanati na magari ya wagonjwa. Naona waliloandika ni kweli. Gari la taka ni gari la afya. Siku lisipokuja sokoni, athari yake hatuihesabu jaani, twaihesabu baadaye kwenye benchi la wagonjwa. Kwa hiyo tunapoulizana katika mabaraza habari za dawa zilizokosekana hospitalini, tuulizane pia habari za taka, na tudai jibu kwa sauti ile ile. Wenye hoteli na nyumba za wageni nao, ambao mandhari ya Diani huwapa riziki, wafunike mapipa yao na walipe taka zao zifike panapostahili. Na maafisa wa afya wawakamate wauza sumu zisizo na jina kabla ya kuwakamata akina mama wauza viazi karai.

Mavuno ya masika yanapokaribia, kila nyumba itafikiria pa kuweka gunia. Huo ndio wakati wa kuamua, si baada ya panya kuhamia. Na atakayekuja kwangu kuuliza sumu iliyo nzuri nitamwuliza kwanza: gunia umelilaza wapi?